Kabla ya kupiga picha, piga hodi

Leo hatuongei juu ya kadi za mgao, wala intavyu, wala nani amepata safari. Tunaongea juu ya picha moja tuliyoiposti sisi wenyewe, ambayo sasa tumeifuta, na tutawaambia kwa nini tulichelewa kuifuta. Njiani tutapita Uholanzi, miaka 360 hivi nyuma. Msikimbie, njia ipo na si ndefu sana.

Picha ilikuwa ya pwani, huku Muhuta, upande wa Gitaza, kipindi kile boti zilikuwa zinaingia usiku na mchana kutoka ng'ambo. Wanaokujua huku wanajua: mlima unashuka mpaka karibu kuingia majini, barabara ya RN3 imebanwa katikati, na kati ya barabara na ziwa imebaki nafasi ndogo ya mchanga, mawe, mitumbwi na ndagala zilizoanikwa. Kwenye nafasi ile ndogo watu walikuwa wanashuka na kila walichobeba. Msichana mmoja alikuwa amelala juu ya mizigo, mdomo wazi, kikwembe kimepanda juu ya goti, mtoto mdogo amemlalia miguuni. Jua la asubuhi lilikuwa linampiga upande mmoja wa uso. Mmoja wetu akatoa simu, akapiga.

Picha nzuri, tusidanganyane. Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Watu wa mashirika waliisambaza, watu wa Ulaya waliandika maneno ya huruma chini yake, na sisi tukajiona waandishi wa habari.

Miezi ilipita, ukaja ujumbe kutoka kambini, maneno sita tu: "Ile picha ni miye. Nilikuwa nimelala."

Hakuongeza kitu. Hakutukana, hakusema futeni. Na sisi, aibu kusema, tulibishana siku nne. Wengine walisema picha imesaidia watu wajue yaliyotupata. Wengine walisema alikuwa mahali pa wazi, pwani, kila mtu anapita, sasa siri iko wapi? Mmoja akasema kitu ambacho hatujakisahau: "Kama angekuwa na nyumba, ungeingia chumbani ukampiga picha amelala?" Kimya. Lakini bado hatukufuta. Laiki ni tamu.

Kati yetu kuna mmoja anayeandika mabango ya maduka kule Rumonge, yule wa samaki aina ya mukeke mwenye miwani kwenye bango la hoteli, mnamjua. Yeye ana tabia ya kumaliza mega zake kwa kupakua michoro ya zamani. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum la Amsterdam limeweka picha zake za zamani kwenye intaneti, unachukua bure, kubwa, safi, unaweza kuvuta mpaka ukaona nyufa za rangi. Siku ya tatu ya ugomvi wetu alikuja na simu, akasema, "Acheni kelele, tazameni huyu."

Kwenye simu kulikuwa na mwanamke amesimama upande, amevaa koti la buluu, ameshika karatasi kwa mikono miwili na anasoma. Nyuma yake ramani ukutani. Viti viwili, meza, basi. Dirisha halionekani, unaona mwanga wake tu. Mdomo wake umefunguka kidogo, kama mtu anayesoma kwa pumzi. Aliichora Johannes Vermeer, wa mji wa Delft, karibu na mwaka 1663. Mwanamke hatutazami. Hajui kama tupo. Ile barua inasema nini, mchoraji hakutuonyesha hata neno moja.

Simu ikapita mkono hadi mkono mpaka ikamfikia mama mmoja anayeuza ndagala, ambaye hukaa nasi jioni kwa sababu kivuli chetu ni kizuri. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akamrudishia mwenye simu na kusema, "Mumuache kwanza amalize."

Sa, tumefikiria sentensi hiyo kuliko semina zote tulizokaa.

Mumuache kwanza amalize. Mama yule amewahi kupokea barua, na alijua anachokisema. Wengi wenu mmeshapokea ule ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi inayotafuta watu kutoka nchi moja hadi nyingine pale simu zimepotea na namba zimekufa. Ni kazi kubwa, familia nyingi zimeunganishwa nayo, na tunaiheshimu. Lakini karatasi ile haifungwi. Ndiyo kanuni yake: iwe wazi, iwe habari za familia tu, ili wenye mamlaka wa pande zote waweze kuona kwamba hakuna mambo ya vita ndani. Bila kanuni hiyo isingepita mipaka. Tunaelewa. Ila matokeo yake ni kwamba mtu anamwandikia mke wake huku anajua macho mengine yanaweza kupita kabla ya macho ya mke. Kwa hiyo anaandika: sisi wazima, mtoto anasalimia, Mungu ni mwema. Yale mengine anayameza. Na mke anaipokea mbele ya foleni, anaisoma amesimama, watu wanamtazama uso wajue ni msiba au ni heri.

Siku hizi ni sauti ya WhatsApp badala ya karatasi, na hali si nzuri zaidi. Ndani ya hanga la kupokelea watu, familia ishirini, kila familia na mkeka wake, unaweka simu sikioni na jirani anasikia. Kuna mama alisikia mume wake aliyebaki upande wa Fizi akimwambia maneno ya mume na mke, halafu kesho yake wasichana wa mkeka wa pili wakamrudishia maneno yale yale kwa kicheko. Alisema, "Bwana yangu alikuwa anaongea na miye, haikuwa na hanga yote." Tangu siku hiyo alikuwa anatoka na simu mpaka barabarani, gizani, malori yanapita, ili amsikilize mume wake. Wale wa usalama wakamkataza kutoka usiku. Basi akaacha kumsikiliza.

Turudi Uholanzi.

Tulipoanza kuzitafuta picha hizi tuliona kwamba Waholanzi wa karne ya 17 walikuwa wamepagawa na milango. Pieter de Hooch, aliyefanya kazi Delft wakati mmoja na Vermeer, karibu kila picha yake ina mlango wazi unaokupeleka kwenye chumba kingine, na pale kuna mlango mwingine, na mwisho kabisa kipande cha jua au mtu anapita barabarani. Wana neno lake, doorkijkje, kuchungulia kupitia mlango. Unasimama mahali penye giza na unaangalia watu ambao hawajakuona. Samuel van Hoogstraten alichora nyingine ambayo iko Louvre, Paris: kijia ndani ya nyumba, ndara zimevuliwa juu ya mkeka, ufagio umeegemezwa ukutani, funguo zinaning'inia mlangoni, na hakuna mtu. Hakuna kabisa! Lakini unajua kuna mtu chumba cha mbele, kavua ndara, na kwamba hupaswi kuendelea. Sisi tunaoacha ndara mlangoni tunaisoma picha ile bila mwalimu.

Nyumba zao nyingi za mjini zilikuwa nyembamba na ndefu kwenda nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa cha barabara: kazi, biashara, wageni. Familia ilikuwa nyuma. Kitanda kilijengwa ndani ya ukuta kama kabati, na milango yake au pazia lake. Katika karne ile watu walianza polepole kutenganisha chumba cha hiki na chumba cha kile, na wachoraji wakaona kwamba kitu kipya kinazaliwa, wakakichora. Na picha hizo hazikuwa za wafalme peke yao. Watu wa kawaida, wafanyabiashara na mafundi, walizinunua na kuzitundika nyumbani.

Picha ambayo ilitugusa zaidi si ya Vermeer. Ni ya de Hooch, ya miaka ya 1658 hadi 1660: mama amekaa, mtoto amepiga magoti na kulaza kichwa mapajani mwake, na mama anamtafuta chawa. Nyuma yao kitanda cha ukutani. Mlango uko wazi, mbwa mdogo ameupa mgongo ugomvi wa chawa na anatazama nje kwenye mwanga. Chawa, jamani! Ile ni picha ya heshima katika jumba kubwa, na ndani yake kuna chawa, na hakuna aibu hata chembe. Tulijiuliza kwa nini. Sisi tulipopangwa mstari siku ya kufika na kukaguliwa vichwa mchana kweupe, watoto na watu wazima, ilikuwa aibu ambayo wengine hawajaimaliza. Chawa ni wale wale, na kutafuta ni kule kule. Tofauti ni kwamba yule mtoto yuko mapajani mwa mama yake, kwenye chumba chao, na kama mtu angetaka kuingia angebisha.

Hapo ndipo tulianza kuamini kwamba aibu ya ukimbizi haitoki kwenye umaskini wenyewe. Bibi zetu walikuwa maskini na walikuwa na heshima zao. Inatoka kwenye kufanya mambo ya ndani mahali pa nje.

Msije mkafikiri tunawasifu Wazungu kwamba wao ndio waliobuni faragha. Hapana. Lamu kuna nyumba za mawe za karne ya 18 ambazo zimepangwa kama ngazi za ujirani: mgeni anaishia kwenye daka, pale mlangoni, ukiingia, njia inapinda ili mpita njia asione ndani, kisha ua, kisha msana wa kwanza, msana wa pili, halafu chumba kinachoitwa ndani, na neno lenyewe linatosha. Na hapa Burundi, rugo la zamani lilikuwa na uzio wake na nyua zake, mgeni anajua anasimama wapi na wapi hapiti. Fizi, Uvira, Rumonge, Kigoma, hakuna mtu mzima asiyejua maana ya stara. Tulikuja na ujuzi huo kwenye boti. Ila mizigo iliyoandikishwa pwani ilikuwa sufuria na magodoro, ujuzi haukuandikishwa.

Halafu kuna hili la Vermeer, ambalo lilibadilisha mjadala wetu. Mtu huyu anayechora vyumba vya mwanamke mmoja na kimya kizima aliishi wapi? Aliishi kwa mama mkwe wake. Mke wake alizaa watoto 15, na Vermeer alipofariki mwaka 1675 aliacha 11, wengi bado wadogo. Vita vya mwaka 1672 vilikuwa vimeua biashara ya picha, na mjane alimwachia mwoka mikate picha mbili kwa sababu ya deni la zaidi ya gilda 600. Hebu hesabuni: watoto 11, mama mkwe, mtumishi, wadai mlangoni. Kwenye picha zake zote, ambazo leo zinajulikana kama 35 hivi, hakuna mtoto anayelia. Watoto karibu hawapo kabisa.

Kwa hiyo kimya kile hakikuwa cha nyumba yake. Alikuwa anakitamani. Alikuwa mtu wa hanga kama sisi, ila yeye alikuwa na brashi.

Na katika nchi ile wakimbizi hawakuwa wageni. Mwaka 1585 mji wa Antwerp ulipoanguka mikononi mwa jeshi la Hispania, Waprotestanti walipewa miaka minne ya kuondoka au kubadili dini. Katika miaka michache mji ulipoteza karibu nusu ya watu wake, na wengi walikwenda kaskazini, Haarlem, Leiden, Amsterdam. Frans Hals, mchoraji mkubwa wa Haarlem, alizaliwa Antwerp. Alibebwa akiwa mtoto mdogo. Wakimbizi hao walikuja na ufundi wa vitambaa, biashara, uchoraji, na walisaidia kuijenga ile Uholanzi tajiri. Tusisahau tu kwamba utajiri ule ulikuwa pia wa viungo vilivyochukuliwa kwa nguvu Asia na wa kuuza Waafrika kuvuka Atlantiki. Utulivu wa vyumba vile ulilipiwa na watu ambao hawakuachiwa hata mlango. Tunaitazama picha ya mwanamke wa buluu tukijua hilo pia, na bado tunamwacha amalize.

Sasa tuseme na nyinyi wafanyakazi wa misaada, kwa heshima, maana wengine ni rafiki zetu na mnasoma hapa. Mwongozo wa Sphere, ambao mnaujua kuliko sisi, unataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu ndani ya makazi. Familia ya watu saba, mita 24.5. Tukipata hizo tunashukuru. Lakini mita 24.5 bila kitu katikati ni chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho kuna baba, mama, binti aliyevunja ungo, kijana wa miaka 17, na mama mkwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume kulala bila ukuta kati yao ni jambo ambalo mtu hulisema kwa kunong'ona. Tunajua kuna wanaume walioamua kulala nje miezi mingi kwa sababu hiyo, na jirani wakasema wameacha wake zao. Mwongozo huo huo unataja faragha. Faragha ndiyo inayokatwa ya kwanza bajeti ikipungua, kwa sababu huwezi kuipima kwa futi.

Sisi tunasema inapimika. Kipande cha kitambaa mita nne na kamba. Hicho tu. Mama mmoja kati yetu alikata shitingi iliyochanika, akashona na kikwembe chake, akakigawa chumba mara mbili, na anasema usiku wa kwanza alivua nguo zote akakaa tu, dakika kumi, bila sababu. Mwakati mnapogawa ndoo na sabuni, gaweni pazia. Lisiwe la wanawake peke yao wala la kesi maalumu. La kila familia, siku ya kwanza.

Na hodi. Tunajua hema halina mlango wa kugonga. Lakini hodi haikuwahi kuhitaji mlango, ni sauti. Unasimama hatua tatu mbali, unasema hodi, unangoja karibu. Ukiitikiwa kimya, unaondoka. Wapo wanaofanya hivyo na tunawajua kwa majina. Wapo pia wanaofunua turubai kwa mkono mmoja na mkono mwingine una karatasi ya dodoso. Maswali ya dodoso lenyewe tutayaandikia siku nyingine. Kuulizwa mbele ya wanao ni mara ngapi umelala njaa, na mbele ya mumeo kama unapigwa, ni somo lake.

Mtatuambia: watu hawana chakula, nyinyi mnaongea pazia na picha za Uholanzi? Tumeambiwa hivyo tayari, hata na wazee wetu. Jibu letu ni kwamba njaa tunaijua, hatukufundishwa na mtu. Lakini muulizeni mama aliyeacha kumsikiliza mume wake kama ile ilikuwa anasa. Ndoa nyingi zilizovuka ziwa salama zilivunjika kwenye hanga, na chakula kilikuwepo.

Tumesema sana juu ya wengine. Sasa sisi.

Nicolaes Maes, mwanafunzi wa Rembrandt, alichora picha kadhaa za mtu anayesikiliza kwa siri. Mwanamke mwenye nyumba amesimama kwenye ngazi, chini kijakazi yuko na mpenzi wake, na mwanamke ametugeukia sisi watazamaji, kidole mdomoni, anatabasamu. Shii! Ni picha ya kuchekesha mpaka ugundue kwamba na wewe umesimama pale, unasikiliza. Tulicheka wote, halafu mtu mmoja akasema: yule ni sisi na simu zetu. Ni kweli. Nani aliposti wale wawili waliogombana ufukweni? Nani aliweka picha ya skrini ya maneno ya mapenzi ya rafiki yake? Hakuna shirika lililotutuma. Tumelalamika miaka kwamba wageni wanatupiga picha bila kuuliza, na tulipopata kamera tukafanya vile vile, tena kwa karibu zaidi, kwa sababu sisi tunaruhusiwa kukaa kwenye mkeka.

Vermeer ana picha nyingine ndogo, sentimita 44 kwa 38 na nusu, inaitwa Barua ya Mapenzi. Unatazama kutoka chumba cha giza, pazia limevutwa kando, kizingitini kuna ndara na ufagio, na mbele kwenye mwanga mwanamke ameshika barua na chombo cha muziki, anamtazama mtumishi wake kwa wasiwasi. Mwezi wa 9 mwaka 1971 picha hiyo ilikuwa imeazimwa kwenye maonyesho ya Brussels. Kijana wa Kibelgiji wa miaka 21 aliikata kutoka kwenye fremu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa suruali na kuondoka. Alitaka nini? Alidai faranga milioni 200 zipewe wakimbizi wa Bengali waliokuwa wanakimbia vita vya Pakistani ya Mashariki. Alikamatwa baada ya wiki mbili, picha ikapatikana imeharibika vibaya, mafundi wakaishughulikia kwa muda mrefu. Wengi Ubelgiji walimwonea huruma. Na sisi pia, tukiisoma mara ya kwanza, tulipiga makofi: yaani mtu aliiba Vermeer kwa ajili ya wakimbizi!

Halafu tuliona. Aliikata picha ya siri ya mtu, akaikunja, akaikalia, kwa jina la wakimbizi ambao hakuna hata mmoja alimtuma. Roho yake ilikuwa nzuri. Yetu pia ilikuwa nzuri siku ile pwani.

Tulifuta picha siku ya nne. Tulimwandikia yule dada tukamwomba msamaha, bila kujieleza, maana maelezo yetu yote yalikuwa yanaishia kwenye laiki. Alijibu baada ya wiki: "Asante. Na huyu mtoto amekua, sasa anatembea."

Kisha tukafungua picha zetu zote zenye uso wa mtu. Ni 41. Tumeziondoa zote kwa sasa, ndiyo maana ukurasa unaonekana mtupu, hatujadukuliwa kama wengine mlivyosema. Tunawatafuta watu mmoja mmoja, kwa simu, kwa ndugu, kwa jirani wa zamani. Mpaka leo tumewapata 12. Tisa wamesema irudisheni. Wawili wamekataa, mmoja kwa sababu ya mambo ya usalama, mwingine hakutoa sababu na hatukumwuliza. Wa 12 ni mzee mmoja tuliyempiga akiwa anapanguswa na mwanawe pwani, baada ya kutapika safari nzima. Amesema ile hapana, lakini tuje tena Jumapili mchana, atakuwa amevaa viatu.